Eneo la Staha

Haya ninayoyasimulia hayakutokea kwetu. Kwetu mambo ni mazuri. Redio inatuambia hivyo kila baada ya taarifa ya hali ya hewa. Yalitokea katika nchi moja ya mbali ambayo jina lake silitaji kwa sababu sipendi kesi. Umbali wake pia siujui vizuri, maana kila ninapojaribu kuupima najikuta bado nimesimama mlangoni kwangu.

Nchi hiyo ina heshima nyingi mno, kiasi kwamba wameiundia wizara: Wizara ya Staha, Maadili na Usafi wa Kauli. Kazi ya kwanza ya wizara ilikuwa kuusafisha mwili wa binadamu. Wataalamu wakakaa miezi tisa, wakatoka na Chati ya Mwili wa Raia. Juu kabisa kuna kichwa, na kila kilichomo kimeandikwa jina lake hadi kope. Kuna shingo, mabega, mikono, kifua, kitovu. Baada ya kitovu hakuna kitu. Kuanzia hapo mpaka magotini chati ni nyeupe pe, na katikati ya weupe huo pamepigwa mhuri wa bluu: ENEO LA STAHA. Kisha magoti yanaanza, na ugoko, na kisigino, na raia anaendelea salama mpaka kwenye kucha.

Chati hiyo imetundikwa katika kila shule, kila kituo cha polisi na kila hospitali. Madaktari huisomea. Nimesikia wakunga wa huko huzalisha wakiwa wametazama dirishani.

Watoto nao hufundishwa kwa chati hiyo hiyo. Mwalimu anagusa kwa fimbo, darasa linaitikia: "Kitovu! Goti!" Mtoto akiuliza kuna nini katikati, anasimamishwa kwenye kona mpaka asahau swali.

Kwa juhudi hizo, Mheshimiwa Waziri husimama bungeni kila mwaka na kutangaza idadi ya watoto waliodhalilishwa nchini: sifuri. Miaka kumi na moja mfululizo, sifuri. Nchi jirani hutuma wajumbe kuja kujifunza siri yake. Ukutani mwa kila ofisi pana bango lenye ubeti:

Mtoto wetu ni tunda, taifa linamlinda,
Kwa upole twampenda, na madhara twayashinda,
Asante Mheshimiwa Waziri wa Staha, Maadili na Usafi wa Kauli.

Mizani ya mstari wa tatu imemwagika kama uji uliofurika chunguni. Mtu yeyote anayejua kuhesabu kwa vidole angeliona hilo. Lakini huko waziri hapunguzwi ili kumfurahisha mshairi.

*

Siku ya Jumatatu ya wiki ninayoisema, bibi kizee mmoja, Bibi Nyanzala, aliingia katika zahanati ya mtaa akiwa amemshika mkono mjukuu wake. Mjukuu aliitwa Tunu, alikuwa na miaka mitano, na gauni lake lilikuwa na picha za samaki. Baba yake Tunu alikwishafariki, mama yake alikuwa akifanya kazi mji wa mbali, na mtoto alikuwa akilelewa nyumbani kwa baba yake mdogo, Bwana Kasongoro, mtu mkubwa mtaani, mwenye vyumba vingi na kitita cha funguo kilicholia kila alikopita.

Aliyewapokea ni nesi Zaituna. Kuhusu nesi huyu lazima niseme ukweli, ingawa unaniuma: alikuwa na dosari. Alikuwa amesoma nje ya nchi kwa miaka miwili, akarudi na tabia mbaya ya kusikiliza.

"Mwanangu," Bibi Nyanzala alimwambia, "huyu alikuja kwangu kunitembelea. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani tangu mwaka juzi, sasa kaanza upya. Kuoga hataki. Jirani akipita na funguo, mtoto anaingia uvunguni. Nami mtu mzima, sijui nifikirie nini, na ninachokifikiria nakiogopa."

"Usikitaje mbele yake, bibi," alisema Zaituna. "Ishara hizi zinaweza kuwa na sababu nyingi. Kukojoa peke yake hakuthibitishi kitu. Ndiyo maana tutamsikiliza yeye mwenyewe."

Kisha akafanya jambo la aibu kwa mtumishi wa umma: akaketi sakafuni. Akamwachia mtoto achague pa kukaa, akampa karatasi na penseli za rangi, wakachora samaki kimya kimya kwa muda mrefu. Hakumuuliza "nani alikufanya hivi?" Hakumpa jina lolote la kuitikia. Alisema tu, "Bibi kaniambia huogi siku hizi. Niambie kuhusu hilo." Tunu akasema. Zaituna hakushtuka, hakulia, hakusema "maskini." Alisema "enhe," na "halafu?" na kila neno aliliandika kama lilivyotoka mdomoni mwa mtoto. Mtoto alipofika kwenye kitu ambacho hakuwa na jina lake, kwa kuwa hakufundishwa jina, alinyoosha kidole kwenye chati ukutani. Kidole kilitua katikati ya weupe.

"Nimekuelewa," Zaituna akasema. "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako."

Akamgeukia bibi. "Nyumbani usimuulize tena. Ukimuuliza mara kumi atadhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, atatafuta lingine."

Unaona hatari ya kusoma nje? Kazi ambayo taifa limeipangia wiki nzima na madawati saba, mwanamke mmoja aliimaliza asubuhi moja akiwa sakafuni.

*

Sheria ya huko iko wazi. Mtoto akidhaniwa ameumizwa, hujaziwa Fomu Namba Tisa, na tathmini yake lazima ikamilike kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa. Kama kufikia saa hiyo dhana haijathibitika, mtoto hurudishwa katika nyumba aliyotoka, akisindikizwa na polisi na kupigiwa makofi. Kwa hiyo Tunu alikuwa na siku tano za kuthibitisha, au kurudi kwenye funguo.

Kabla ya kufikishwa mbele ya Jopo la Uhakiki, ambalo ndilo huamua, mtoto hupita kwenye madawati saba na kusimulia upya katika kila moja, amesimama wima, kwa sauti, akitazama bendera. Ukweli, kanuni inasema, ukirudiwa mara saba husafika.

Dawati la Kwanza lilikuwa la polisi. Askari alikuwa anakula chapati. "Paza sauti, binti, wale wa nyuma hawasikii." Wale wa nyuma walikuwa foleni ya watu waliokuja kuripoti vitambulisho vilivyopotea.

Kwenye Dawati la Pili aliketi mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu. "Siku hiyo ulikuwa umevaa nini?"

"Gauni la samaki," alisema Tunu.

Mama yule akamtazama mwenzake, akaguna, akaandika. Aliguna, wasomaji wangu. Mtoto wa miaka mitano, gauni la samaki, na mtu mzima mwenye mshahara aliguna.

Dawati la Tatu walitaka tarehe. "Ilikuwa lini?"

"Siku ya wali."

"Siku ya wali ndiyo siku gani?"

"Siku tuliyokula wali."

Wakaandika: Mtoto hajui kalenda.

Dawati la Nne lilikuwa na afisa mpole sana, mwenye pipi mezani. "Mama, unataka baba mdogo afungwe? Akifungwa, nani atakununulia pipi?" Tunu alifikiri sana, kwa kuwa alikuwa mtoto mwema na alidhani ameulizwa kwa dhati.

Dawati la Tano wakasema, "Mbona halii? Mtoto aliyeumizwa hulia." Wakampa alama mbili kati ya kumi.

Kwenye Dawati la Sita alilia. "Mbona analia sana? Huyu kafundishwa." Wakampa alama moja.

Alhamisi jioni alifika Dawati la Saba. Miguu ilikuwa imemvimba, na sauti ilikuwa imekwisha. Afisa akauliza swali lile lile aliloulizwa mara sita. Tunu akatazama bendera, akatazama viatu vyake, akasema, "Sijui."

"Ahaa!" Afisa akagonga mhuri kwa furaha hata wino ukaruka. Kwa kanuni za huko, maneno ya mwisho ndiyo mapya, na maneno mapya hufuta ya zamani.

*

Jopo la Uhakiki liliketi Ijumaa saa nane mchana katika ukumbi wenye zulia jekundu. Mwenyekiti alikuwa Dakta Fumbwe Malogo. Udaktari wake si wa kutibu watu. Alitunukiwa na wizara kwa kutamka hotuba ya muda wa saa tatu bila kutaja kiungo chochote kilicho chini ya mabega. Kando yake aliketi Daktari wa Serikali, ambaye aliwahi kutibu watu lakini akapandishwa cheo. Wa tatu alikuwa Katibu Tindwa, mzee mkavu aliyewahi kukataa kukimbia ofisi ikiungua kwa sababu fomu ya ruhusa ilikuwa ndani ya moto. Na kwa kuwa sheria inataka familia isionewe, mjumbe wa nne huwa ni yule aliye karibu zaidi na mtoto katika nyumba anamoishi.

Mjumbe wa nne alikuwa Bwana Kasongoro.

Nimeisoma sheria hiyo mara kadhaa. Imeandikwa kwa Kiswahili safi. Watu waliosoma waliiandika, watu wengine waliosoma wakaipitisha, kisha wote wakaenda kula.

Kikao hufunguliwa kwa Salamu ya Taifa: aliye mdogo hupita kwa wakubwa wote, hupiga goti na kubusu mkono wa kila mmoja. Tunu akaanza. Kwa Mwenyekiti alipiga goti: "Shikamoo." "Marahaba, mzalendo wangu." Kwa Daktari wa Serikali: "Shikamoo." "Marahaba." Kwa Katibu: "Shikamoo." "Marahaba, endelea."

Bwana Kasongoro akahamisha funguo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, ili mkono wa kubusiwa uwe huru. Zikalia.

Mtoto akasimama. Hakupiga kelele. Alisimama tu kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka shimoni, na maji yakamtoka, yakashuka miguuni, yakaingia kwenye zulia. Kisha akakimbia, akajikunja chini ya meza ya mashahidi, nyuma ya gauni la nesi Zaituna.

Ushahidi ulipita mbele ya macho ya watu wanne, mchana, taa zikiwa zimewashwa. Mwenyekiti akasema, "Katibu, andika."

Katibu akaandika, akisoma kwa sauti: "Mtoto ameshindwa kumsalimia mkubwa. Amechafua zulia la serikali."

"Watoto wa siku hizi!" Bwana Kasongoro akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu mwema. "Mimi nimemlea kama wa kwangu. Njoo, mwanangu. Njoo kwa baba."

"Asimsogelee," Zaituna alisema.

"Bi nesi, unamkataza mjumbe?"

"Namkataza, Mheshimiwa."

"Andika," Mwenyekiti akasema, "nesi naye ana matatizo ya adabu. Daktari, tuambie, mtoto ana jeraha?"

Daktari wa Serikali akakohoa. "Hakuna jeraha lililoonekana, Mheshimiwa."

"Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Zaituna. "Daktari anajua, nami najua, kwamba mwili wa mtoto hupona upesi, na mara nyingi alama haibaki hata kidogo. Kutoona alama si ushahidi kwamba hakuna kilichotokea. Ushahidi wetu ni maneno ya mtoto, na tumempa sababu saba za kuyameza. Dokta, si ulifundisha hivyo wewe mwenyewe zamani?"

Daktari alitazama kucha zake. Zote zimo kwenye chati.

"Isitoshe," alisema Mwenyekiti, akainuka na kuchukua fimbo ndefu, "jeraha hilo lingekuwa wapi? Tuoneshe." Akapitisha fimbo juu ya Chati ya Mwili wa Raia: kifua, kitovu, kisha hewani, kisha goti. "Hapa kuna nini? Hakuna. Mtu anaweza kuumizwa mahali ambapo hapapo? Wizara nzima imekaa miezi tisa haikuona kitu hapa, aje mtoto wa chekechea apaone?"

Bwana Kasongoro akacheka kidogo, kwa heshima. Katibu akacheka kwa mujibu wa kanuni.

Nyuma ya ukumbi Bibi Nyanzala alikuwa amesimama kwa kuwa hakupewa kiti. "Mheshimiwa," aliita, "hivi wewe ulizaliwa kupitia goti?"

"Mtoeni bibi huyo!"

"Sitoki. Nitatoka na mjukuu wangu." Akapita katikati ya watu, akaja kusimama kando ya meza ya nesi.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Mwenyekiti akatangaza kwamba Jopo limeridhika: mtoto hana jeraha, hana kalenda, hana adabu, na maneno yake ya mwisho ni "Sijui." Ilibaki saini ya nesi kwenye ukurasa wa nne wa Fomu Namba Tisa, kisha Bwana Kasongoro achukue mtoto wake. Polisi wa kusindikiza alikuwa tayari mlangoni, amevaa glavu nyeupe za kupigia makofi.

"Bi Zaituna. Saini."

Chini ya meza Tunu alivuta gauni la nesi. "Nimekosea?" alinong'ona.

"Hujakosea," Zaituna akasema. "Niazimeni kalamu."

Ukurasa wa nne wa Fomu Namba Tisa ni ile ile Chati ya Mwili wa Raia, imechapwa ndogo. Kurasa nyingine zote zilikuwa zimejaa: alama, mihuri, gauni la samaki, kalenda. Katika fomu nzima palibaki mahali pamoja tu pa kuandika, peupe, pa kutosha, kati ya kitovu na magoti.

Zaituna akaandika hapo. Aliandika taratibu, kwa herufi za kusomeka, akinakili kutoka kwenye daftari lake la Jumatatu. Akajaza weupe wote. Maneno mengine yalipita juu ya mhuri wa bluu. Kisha akaweka saini kwenye goti la raia.

"Unafanya nini?" Mwenyekiti alipiga kelele. "Umeandika wapi wewe?"

"Nimejaza fomu, Mheshimiwa."

"Ichaneni!"

Katibu Tindwa akainuka. Nadhani hakuwahi kumpenda mtoto yeyote maishani mwake, na sina hakika kama alimwona Tunu siku ile. Lakini fomu aliipenda. "Mheshimiwa Mwenyekiti, fomu yenye nembo ya taifa haichanwi wala haifutwi. Ni uhaini. Na kwa Kanuni ya Thelathini, kilichoandikwa ndani ya fomu husomwa chote, kwa sauti, kabla kikao hakijafungwa."

"Tindwa, nakuonya."

"Kanuni ya Thelathini, Mheshimiwa." Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti yake kavu, sauti ile ile aliyosomea masuala ya zulia:

"'Anafunga mlango na funguo. Funguo zinalia halafu zinanyamaza. Ananiumiza hapa. Anasema nikisema, bibi atakufa. Nimesema, bibi hajafa. Kwa hiyo ni mwongo. Mimi sitaki kuoga kwa sababu akisikia maji anakuja.'"

Katibu akageuza ukurasa, akaona hakuna zaidi, akavua miwani.

Bwana Kasongoro alikuwa amezishika funguo zake kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, zisilie.

Mwenyekiti akajaribu kufunga kikao, ikashindikana. Kanuni haikuwa na namna ya kufunga kikao juu ya maandishi yaliyo ndani ya Eneo la Staha, kwa kuwa eneo lenyewe halipo. Katibu akatafuta katika vitabu vitatu, kisha akatamka: faili lipelekwe wizarani kwa ufafanuzi, na mpaka litakaporudi, mtoto abaki pale alipo.

"Yupo wapi?" akauliza Mwenyekiti, amechoka.

Katibu akainama, akachungulia chini ya meza. "Ameshika kanga ya bibi yake, Mheshimiwa."

"Basi abaki na kanga!"

Bibi Nyanzala hakungoja muhtasari usainiwe. Alimfunga Tunu mgongoni, mtoto mzima wa miaka mitano, miguu inaning'inia, wakatoka katikati ya ukumbi wakilikanyaga zulia. Polisi wa mlangoni, ambaye hakuwa ameelewa chochote, aliwapigia makofi.

*

Faili halijarudi mpaka leo. Mimi niliyetukana ofisi za dunia nzima kwa uzembe, naomba kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwamba hizo ziendelee kuchelewa. Nimeambiwa Tunu anaoga sasa, mchana, mlango ukiwa wazi na bibi akiimba nje ili ajue yupo.

Nesi Zaituna amehamishiwa Idara ya Mifugo, mahali ambapo, kwa mujibu wa barua, "tabia yake ya kusikiliza haitaleta madhara." Bwana Kasongoro bado ni mjumbe wa Jopo, sasa kwa watoto wa mtaa mzima, maana walimwona ana uzoefu. Alipewa nishani ya Uvumilivu. Nimeiona picha gazetini. Nililikunja gazeti, nikaenda kunawa mikono, nikarudi kunawa tena.

Wizara nayo haikulala. Ilitambua kwamba kosa lote lilitokana na weupe: palipo peupe, watu wakorofi huandika. Chati zote za nchi zikaondolewa na kuchapwa upya. Sasa kati ya kitovu na magoti pamejazwa nembo ya taifa, kubwa, ya rangi: tai wawili waliofunika macho kwa mabawa yao. Hapana hata nafasi ya nukta. Ikatungwa na sheria ya kulinda usafi wa mahali hapo: kuinyooshea nembo kidole ni kosa la jinai.

Juzi Mheshimiwa Waziri alisoma taarifa yake ya mwaka bungeni. Watoto waliodhalilishwa nchini: sifuri. Mwaka wa kumi na mbili. Wabunge wakasimama, wakapiga meza. Kisha akasoma, kwa masikitiko, kipengele kipya kuhusu uhalifu unaoongezeka. Walioshtakiwa kwa kuinyooshea nembo ya taifa kidole: elfu moja mia nne na sita.

Mtuhumiwa mkubwa kuliko wote ana miaka tisa.